Maji Hayana Miguu

Duniani ipo kazi moja tu ambayo mtu hutoka nyumbani alfajiri, hurudi jua limezama, mikono mitupu, na bado hutengewa maji ya moto ya kuoga. Kazi hiyo ni uwindaji. Fundi cherehani akikurudishia kitambaa chako bila suruali, utamshtaki. Mvuvi akirudi bila samaki, ataulizwa nyavu kaziuza kwa nani. Lakini mwindaji asiye na mnyama huvuta kigoda, hunyoosha miguu, hukohoa kidogo, kisha huanza: "Nguruwe alikuwepo. Dume. Upepo ndio ulionigeuka." Basi, kesi imekwisha. Lawama zote umebebeshwa upepo, na upepo hauitwi kwenye kikao cha ukoo.

Kazi hiyo niliifanya ujana wangu wote katika misitu ya Itombwe, upande wa Mwenga, Kivu Kusini. Sasa ni mzee, naishi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda, na kazi niliyopangiwa na mke wangu ni kuchota maji. Nasema wazi: ni ngumu kuliko kumfuata nyati aliyejeruhiwa. Sisemi uzito. Jerikeni ikijaa ni kilo 20, na nimewahi kushuka mteremko wenye utelezi na mzigo wa nyama mzito kuliko huo. Ugumu wake ni kwamba maji hayana miguu. Jaribu wewe kurudi nyumbani na jerikeni tupu, uvute kigoda, unyooshe miguu, useme: "Maji yalikuwepo. Mengi. Yakanusa harufu yangu, yakakimbia." Nilijaribu. Mke wangu alinitazama toka kandambili hadi kofia, akauliza: "Papa, maji iko wapi?" Swali hilo lina jibu moja tu, na jibu lenyewe linatakiwa liwe ndani ya jerikeni.

Hata huko bombani kwenyewe si mahali pa mtu mwenye historia. Bomba likifungwa, watu hawapangi foleni wenyewe. Wanapanga jerikeni, kisha kila mtu anakwenda kivulini. Unaona safu ya plastiki za njano imenyooka hadi barabarani, yaani Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na Ethiopia zimesimama kimya zikingoja zamu, na unadhani ni amani. Geuza uso kidogo kumjibu mtu salamu. Ukirudisha macho, jerikeni yako iliyokuwa ya nne imekuwa ya tisa, na kila mtu anatazama mawingu.

Juzi nikasema leo watanijua. Nikachuchumaa, nikasoma vumbi. Jerikeni iliyokaa muda mrefu huacha duara lenye ukungu wa unyevu, na chungu wameshaanza kulizunguka. Iliyosogezwa sasa hivi huacha mkwaruzo mbichi, wenye ukingo mkali upande ilikotoka. Mbele ya yangu kulikuwa na moja iliyofungwa kitambaa chekundu kwenye mkono wake, na nyuma yake mkwaruzo mrefu, na kando ya mkwaruzo unyayo wa mtu mmoja, kandambili ya kushoto imekatika kisigino. Nikainuka, nikatazama miguu ya waliokaa kivulini, nikampata. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Nikamweleza ushahidi wote mbele ya watu, hatua kwa hatua, kuanzia chungu hadi kisigino. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Mzee, pole kwa kazi," akatega jerikeni yake bombani. Kivuli kizima kikacheka kwa lugha zaidi ya tano.

Kwetu mwindaji alikuwa na kinga nyingine, nzito kuliko upepo. Ilijulikana kwamba nyumba yenye ugomvi haipeleki mtu porini. Ukitoka umegombana na mkeo, mitego hulala njaa, mbwa hupoteza harufu, mkuki huenda kando. Kwa hiyo usiku wa kuamkia mawindo, nyumbani palikuwa na utulivu wa pekee. Mke hapazi sauti, hadai chumvi, hakumbushii deni la shemeji. Na ukirudi mtupu, unauliza tu kwa upole: "Hivi jana usiku ulinung'unika nini?" Mke anainama, anaanza kutafuta moyoni mwake lile neno lililomkimbiza nguruwe. Ilikuwa sheria nzuri sana. Sijui nani aliitunga, ila najua hakuwa mwanamke.

Taabu ni kwamba mke wangu hakusahau. Miaka yote ile alikuwa akiweka akiba. Huku Nakivale mambo yamepinduka: tangu mwaka 2023 familia zilipoanza kupangwa kwa makundi ya mgao, wengine chakula kikapungua, wengine kikakatika, na kila nyumba ikalazimika kujua nani kati yenu anaweza kuleta pesa. Kwetu ni yeye. Anauza mafuta ya mawese na sombe, yaani majani ya mihogo yaliyotwangwa, anashika kisanduku cha kikundi chao cha kuweka na kukopa, anatoka asubuhi na mapema. Mimi nabaki na nyumba. Jioni anarudi, anafunua sufuria, anaonja maharage yangu. Yanagonga jino. Kabla sijafungua mdomo kueleza habari ya kuni mbichi na upepo uliokuwa ukizima moto, anauliza kwa upole ule ule niliomfundisha mwenyewe: "Papa, asubuhi ulinuna nini? Maharage hayaivi katika nyumba yenye ugomvi."

Nikanyamaza. Ningesema nini?

Kuni nazo ni habari. Watu wanadhani mtu wa msituni anajua kuni. Mtu wa msituni hajui kuni, kwa sababu kuni zilikuwa kila mahali; unajikwaa, unainama, unaokota. Isingiro ni nchi ya vilima vya nyasi na miti ya miiba, na makazi haya yalianza kupokea watu mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi 1960, wakati Watutsi wa Rwanda walipokimbilia huku. Tangu hapo kila mkimbizi wa kila vita amekuja na chungu chake, na kila chungu kimedai moto. Mti uliobaki leo una mwenyewe, na mwenyewe ana panga. Kwa hiyo wanawake wetu wakafundishwa majiko ya udongo ya kuokoa kuni, na mke wangu akaleta somo nyumbani, na mwanafunzi nikawa mimi.

Jiko hilo linataka udongo wa kichuguu. Hapo nilifurahi kidogo, maana vichuguu navijua. Mwindaji hupanda kichuguu kutazama mbali, hujificha nyuma yake, huweka mtego mahali ambapo mnyama huja kulamba chumvi. Sasa nikakichimba kwa jembe, nikabeba kwa karai, nikakatakata nyasi, nikachanganya na maji, ambayo nayo nilikuwa nimeyachota mwenyewe, nikakanyaga tope mpaka magoti yakalia. Ndani unalaza vipande vya mgomba ambavyo baadaye unavichomoa, vinaacha njia ya moto na ya moshi. Jiko likakauka, likawaka vizuri, likatumia vijiti vichache. Majirani wakaja kutazama. Wakamsifu mke wangu.

Hiki ndicho kinachoniuma zaidi katika kazi za nyumbani: hazina hadithi. Niliua nguruwe mmoja Itombwe, na mpaka leo nguruwe yule anaendelea kufa kila jioni tukikaa barazani, na kila akifa meno yake yamerefuka. Nimefua mashuka mangapi? Hakuna shuka hata moja lililosimuliwa. Hakuna aliyewahi kusema, "Mzee, hebu turudie ile siku uliyosugua sufuria iliyoungua." Na ile sufuria, wallahi, ilipigana kuliko nguruwe.

Karibu na duka la Msomali mmoja pale Base Camp tuna benchi letu wazee. Tunakunywa chai ya maziwa yenye hiliki, tunawinda kwa mdomo. Mzee wa Kisomali anaeleza digidigi wa kwao, jinsi wanavyotembea wawili wawili, mke na mume, na ukimwona mmoja usifyatue kwanza, tafuta mwenzake. Mzee wa Kiethiopia alikuwa askari, kwa hiyo hadithi zake hazina mnyama, zina bunduki tu. Mzee wa Kirundi anatoka vilima vilivyolimwa hadi kileleni, mnyama mkubwa aliyewahi kumwinda ni ndezi, na ameusimulia uwindaji huo wa ndezi kwa ustadi kiasi kwamba siku moja mimi mwenyewe niliogopa. Ikifika saa kumi hivi, simu zinaanza kulia moja baada ya nyingine, na wawindaji wa mataifa yote wanainuka, huyu kwenda kuanua nguo, yule kumpokea mjukuu shuleni.

Na hiyo simu. Mbwa wetu wa kuwindia kule msituni hawabweki. Ndiyo sababu tuliwafunga shingoni kengele ya mti, ili wakizama kichakani usikie wako wapi na wanakimbilia upande gani. Mke wangu alininunulia simu ya vitufe, na kwa kuwa nilikuwa naisahau nyumbani, akaitia kamba nzuri ya kufuma, akanivisha shingoni. Inalia ninapokuwa bombani, inalia benchini, inalia chooni. "Uko wapi? Na mbona kimya?" Nimewavisha mbwa wengi kengele katika maisha yangu. Hakuna hata mmoja aliyenilalamikia, na sasa najua hawakuwa na raha.

Vijana huniuliza: mzee, si ungewinda hapa hapa? Kwani wanyama hakuna? Wapo, tena wa kutamanisha. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo haiko mbali nasi. Ina pundamilia, swala pala, nyati, na pofu wenye minofu ya kushuka shingoni, mnyama ambaye nikimfikiria lazima nimeze mate. Lakini Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 haina utani. Ukikamatwa na mnyama aliye katika hatari ya kutoweka, adhabu inaweza kufika faini ya shilingi bilioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Bilioni 20! Mimi ambaye shilingi elfu tano ya nauli huiombea kikao cha familia. Na kifungo cha maisha kwa umri wangu ni kifungo kifupi tu, lakini nani atachota maji?

Siilaumu sheria. Kule kwetu tuliwinda bila kuhesabu, na vijana wakaja na bunduki za vita wakawinda bila hata kutazama, mpaka ikafika mahali mtu anatembea siku nzima msituni hasikii kitu ila nyayo zake. Msitu mtupu ni mbaya kuliko mtego mtupu. Hilo naliweka wazi kabla sijaendelea kulalamika.

Ninacholalamikia ni ukosefu wa usawa. Hifadhi ya Mburo ilitangazwa kuwa ya taifa mwaka 1983, wafugaji wakaondolewa; utawala ulipobadilika 1986 wengi wakarudi na ng'ombe wao, na mipaka ikapunguzwa. Mwaka 2015 wakaletwa twiga 15 kutoka Murchison Falls, upande wa pili kabisa wa nchi. Walipakiwa kwenye lori maalumu, wakasindikizwa na wataalamu, wakashushwa polepole. Twiga wale ni wahamishwaji kama sisi, ila wao hawakuwekewa vidole kwenye mashine, na hakuna aliyewauliza wanakusudia kurejea kwao lini. Majani wameyakuta juu, wakala.

Halafu kuna wawindaji wa leseni. Tangu 2001, katika ardhi ya kando ya hifadhi, wageni wanaruhusiwa kuwinda kwa malipo na kwa hesabu, na sehemu ya pesa huwafikia wanavijiji, ili wamwone pundamilia kuwa mali yao badala ya kumwona mwizi wa majani ya ng'ombe. Mpango una akili, sibishani nao. Nabisha jina. Mtu amekuja kwa ndege, amelala kwenye hema lenye kitanda, ameamshwa kwa kahawa, ameongozwa na kijana mpaka mbele ya mnyama, kijana amemwonyesha kwa kidole, yeye amevuta kidole chake, mnyama ameanguka, na yeye naye ati ni mwindaji. Kwetu mtu huyo alikuwa na jina lake: mgeni. Tungempa kiti na nyama laini.

Mimi wangu wa kuwinda ni nguruwe pori anayechimba mihogo yetu. Huyo serikali yenyewe inamhesabu pamoja na nyani na tumbili kuwa wanyama waharibifu. Alfajiri moja niliamka nikakuta matuta yamepinduliwa. Nilipiga magoti pale kwa muda mrefu, nikasahau hata maji. Alikuwa jike, anachechemea mguu wa nyuma wa kulia, ana watoto wasiozidi mwezi, wameingilia upande wa ziwa, wametoka kabla ya umande kutulia. Moyo ulikuwa unadunda. Jirani akaja akasimama nyuma yangu. "Sasa mzee, utafanyaje?" Nikainuka kwa shida, nikajipangusa magoti, nikasema, "Nitatoa taarifa kwa mwenyekiti." Mwenyekiti akafungua daftari, akaandika: nguruwe, mihogo, usiku. Mguu unaochechemea hakuuandika. Alisema safu ya mguu haipo.

Viboko wa Ziwa Nakivale siwataji. Hao hutoka majini usiku kuja kula shambani bila kuomba ruhusa ya mtu, na mwindaji yeyote mwenye akili anajua mnyama gani anawindwa na mnyama gani anaachiwa njia.

Nilipokosa nyama ya porini, nilidhani angalau heshima yake ingebaki. Kwetu mnyama akianguka, kila kipande kina mwenyewe hata kabla ngozi haijatoka: mwenye mbwa, mwenye wavu, aliyechoma mkuki wa kwanza, mzee wa kijiji, wakwe. Hakuna aliyegombana, kwa sababu hakuna aliyegawa. Desturi ndiyo iliyogawa. Huku tumebaki na kuku wa sikukuu. Na kuku naye ana desturi yake: firigisi ni ya mwenye nyumba. Hili halijadiliwi Bukavu, halijadiliwi Kindu, na mzee wa Kirundi ananihakikishia hata kwao.

Mwaka Mpya huu nimenawa mikono, nimekaa, sahani imefika. Nikageuza kipande cha kwanza, cha pili, nikatafuta chini ya ugali. Firigisi haipo. Nikainua macho, nikamwona mjukuu wangu anatafuna kitu kigumu huku ananitazama bila kupepesa. Nikamwita bibi yake. Bibi yake akajibu akiwa jikoni, hakujisumbua hata kutoka: "Kuku alikimbia, mtoto akamfukuza mpaka kwa jirani akamkamata. Si wewe ulisema aliyekamata mnyama ana fungu lake? Wewe ulikuwa umekaa." Mtoto akameza. Kesi ikaisha bila rufaa, kwa kutumia sheria za Itombwe, mbele ya mzee wa Itombwe.

Basi nikategemea uzee. Maana kuhusu uzee wenyewe sina malalamiko mengi. Malalamiko yangu ni kwa wanaoutibu. Uzee ukiachwa ufanye kazi yake kwa utulivu, humrudishia mtu zile kinga alizonyang'anywa. Jicho likififia, hutumwi kuchambua maharage. Sikio likiziba, hukusikia ulipoitwa. Goti likivimba, jerikeni inapewa kijana. Wataalamu wa mwili wanasema kuanzia miaka 30 hivi mtu hupoteza asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka 10, na baada ya 60 kasi huongezeka. Wazee wetu walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Sasa naenda pole kuliko simba yeyote wa Afrika Mashariki, na nyama naipata kwa harufu tu, ikitoka kwa jirani.

Binti yangu hakuliona hivyo. Akasema, "Papa, macho yako yanaharibika, twende Mbarara." Tukapanda taksi ya watu 14, tukawa wengi kidogo kuliko hao, tukapita mashamba ya migomba ya Isingiro mpaka jijini, maana Mbarara ni jiji tangu 2020. Pale kuna sanamu ya ng'ombe wa Ankole, pembe ndefu zimeelekea mbinguni. Nilisimama nikamtazama. Dume zuri, bega limekaa vizuri, jicho liko hai. Nikamzunguka kuelekea upande ambao upepo hautoki kwangu, kwa mazoea tu. Binti yangu akanivuta mkono: "Papa, watu wanatuangalia."

Kwenye kliniki nikampata daktari msichana mpole. Akanikalisha mbali na ubao wa herufi, akasema nisome mstari wa chini. Nikausoma. Akashangaa. Nikamwambia, "Binti, hapo nje ya dirisha lako, juu ya ule mti mkubwa, kuna mwewe, na mguuni ameshika kitu." Akageuka, akakunja uso, hakuona. Akavaa miwani yake mwenyewe, akaona. Nikajua nimeshinda, narudi nyumbani na jicho langu.

Hapo ndipo akanipa kijikaratasi nikishike mkononi nisome. Herufi zikawa chungu. Nikakisogeza mbali, mkono ukaisha, zikabaki chungu. Akanieleza vizuri: ndani ya jicho kuna lenzi, na ujanani ni laini, hujikunja na kujinyoosha kufuata kitu cha karibu na cha mbali. Kuanzia miaka 40 hivi huanza kukakamaa. Cha mbali unaendelea kukiona, cha karibu kinakutoroka. Nikasema ndiyo, hivyo ndivyo Mungu alivyopanga: mwindaji anahitaji kuona mbali. Akacheka, akaniandikia miwani ya kusomea.

Ile miwani ilinimaliza. Jioni hiyo hiyo mke wangu alinivisha, akasogea nyuma kunitazama, akasema inanipendeza, kisha akaniwekea ungo wa maharage mapajani. Miaka yote hiyo kazi ya kuchambua ilikuwa haramu kwangu, kwa sababu nilikuwa naacha mawe. Sasa nayaona: lile la kijivu linalojifanya harage, lile dogo jeusi, mdudu aliyetoboa, mdudu anayetoka, ganda la mdudu aliyekwisha ondoka. Nikainua kichwa kupumzika, nikaona utando wa buibui kwenye kona. Nikaona vumbi juu ya kabati. Nikaona vifungo vitatu vimekatika kwenye shati langu na sindano imechomekwa ukutani, karibu kabisa na mkono wangu. Kazi hizo zote Mungu alikuwa amenificha kwa huruma yake. Na kosa kubwa ni kwamba mke wangu aliniona ninavyoona.

Kwa hiyo masikio sikuyataja. Nilishayachunguza mwenyewe. Masikio ya mzee hayazibi yote kwa pamoja; huanza kupoteza sauti nyembamba, zile za juu, za wanawake, za watoto na za simu, na huacha zile nzito. Ndiyo maana usiku namsikia kiboko anaguna ziwani, na mchana simsikii mtu anayesema "kuni" hatua nne nyuma yangu. Mke wangu anasema hiyo ni hila. Mimi nasema hayo ni maumbile, na kwa mara ya kwanza sayansi iko upande wangu. Tatizo ni binti, ameshaanza kuuliza bei ya vifaa vya masikio.

Wazee wenzangu wa Juru, Rubondo na Base Camp, nisikilizeni, ninyi mnaoweza. Mkipakiwa kwenye taksi kwenda Mbarara, msibishe, safari ni nzuri na kule maziwa ni mengi. Mng'olewe jino, mkandwe goti, mpimwe presha. Miwani mkipewa, pokeeni kwa shukrani, kisha muikalie. Lakini daktari akigusia habari ya masikio, jibuni haraka kwamba mnasikia vizuri mno. Na akirudia swali kwa kupaza sauti, mjue ameshagundua. Hapo ombeni tu asiwe na namba ya simu ya mama watoto.